Familia ya Ijumaa

Nilirudi Doha kwa tiketi niliyojinunulia mwenyewe, na nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Hakuna wakala aliyenipeleka, hakuna kafili, yaani tajiri mdhamini, aliyenisubiri uwanjani achukue pasipoti yangu. Nilikwenda kuangalia mashine za vyumba baridi, kwa sababu karakana yangu ya Nakuru ndiyo inayohudumia majokofu ya mashamba ya maua upande wote ule hadi Naivasha, na diploma yangu ya ufundi wa viyoyozi imetundikwa ukutani mahali ambapo kila mteja lazima aione anaposubiri chai. Nilikuwa nimevaa koti zuri na viatu vinavyong'aa. Siku ilikuwa Ijumaa, na bila kupanga nikajikuta mbele ya jumba la maduka tulilokuwa tukienda nilipokuwa mtoto.

Soja wa mlangoni akanitazama mara moja. Alianzia usoni, akashuka hadi kwenye mikono, akaona sijamshika mtu.

"Sir, leo ni familia peke yake."

Nilimjua kwa lafudhi kabla hajamaliza. "We ni wa wapi?"

"Bungoma."

"Mimi wa Kakamega. Tumepakana."

"Karibu sana, bro. Lakini leo ni familia. Kuja kesho." Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniuma.

Nikaenda kunywa karak kando ya barabara, ile chai yao nzito ya maziwa na iliki, mgongo umelowa jasho chini ya koti. Nilikuwa nimekasirika, rafiki yangu, na nikajua kuwa hasira yenyewe si ya siku ile. Nilikuwa nayo tangu nikiwa na umri wa miaka minane.

Wewe hukukulia kule, kwa hiyo acha nikueleze. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko Doha, na kwenye majumba mengi ya maduka, na hata bustani, Ijumaa ilikuwa siku ya familia. Mwanamume asiye na mke au mtoto pembeni hakuingia. Yaani tangazo lilisema hivyo. Mlangoni mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mzungu wa kaptula aliingia peke yake akipiga mluzi. Mwenye kanzu nyeupe aliingia peke yake akiongea na simu. Waliorudishwa ni wale ambao soja aliwatazama mara moja akaona kambi ya wafanyakazi: kijana wa Nepali, dereva wa Kihindi, fundi wa Kiganda, Mkenya yeyote mwenye mikono iliyochubuka. Na masoja wenyewe wengi walikuwa ndugu zetu. Aliyetoka Busia alimrudisha aliyetoka Siaya, kisha jioni wakakutana kambini wakagawana ugali.

Sisi tulikuwa na bahati ya kuishi kama familia. Mama alikuwa muuguzi, baba alifanya kazi katika ofisi ya kampuni ya usafirishaji, na tulipanga vyumba viwili Al Mansoura, ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu na kinyozi wa Kibangali. Viyoyozi vya jengo lile vilidondosha maji barabarani mchana kutwa, na sisi watoto tulijua mahali pa kukanyaga ili tusidondokewe kichwani. Labda ndiko nilikoanza kupenda ufundi wangu, sijui. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kufuta vumbi. Upepo wa jangwani ukipita, vumbi laini kama unga wa muhogo lilikaa juu ya kila kitu, hata ndani ya sahani zilizofunikwa, na mama alipitisha kidole juu ya televisheni na kunionyesha. Asubuhi za Ijumaa tulikwenda kanisani Mesaimeer, miaka ile ambayo majengo ya makanisa yalikuwa bado yananuka rangi mpya. Tulirudi saa sita kula wali na maharagwe ya nazi. Mama akaondoka na basi la hospitali, baba akarudi kanisani kwa mazoezi ya kwaya, na mimi nikabaki mikononi mwa jengo zima.

Na jengo zima lilinitafuta. Nasema bila haya kwamba hapakuwa na mtoto mwenye kazi kubwa kuliko yangu Mansoura yote. Wanaume waliokodi vitanda ghorofa ya kwanza, Waganda na Wakenya watupu, walikuja kumwomba baba ruhusa ya kunichukua. Mwanamume aliyemshika mtoto mkono ni familia, na soja hawezi kumrudisha. Waliniita Viza.

"Viza iko huru leo?" mmoja wao aliuliza mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Iko huru mpaka magharibi," baba alijibu. "Na msinirudishie ikiwa na mafua. Mara ya mwisho mmeilisha aiskrimu mpaka ikakohoa wiki nzima."

"Aah, mzee, hiyo ilikuwa Viza yenyewe kujilisha."

Nilijua kazi yangu. Nilijua kumvuta mtu mkono tukikaribia mlango kama mtoto aliyechoka na baba yake. Nilijua kulalamika kuhusu viatu. Wenzangu walijaribu wakashindwa. Kuna mmoja wa ghorofa ya pili aliyemwambia soja "huyu simjui", wakafukuzwa wote wawili. Mimi sikuwahi kurudishwa hata mara moja. Ndani, wale wanaume hawakununua chochote. Walitembea kwenye ubaridi, wakatazama watu wakiteleza kwenye barafu, wakapigana picha za kutuma nyumbani, wakatoka wamenyooka kidogo kuliko walivyoingia.

Sasa mjomba. Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, aliendesha lori la maji. Alilala kambini, eneo la viwanda, na Ijumaa alikuja kwetu kula chakula chenye chumvi ya kwao. Alikuwa mtu wa mizaha. Mikono yake ilikuwa migumu na yenye alama nyeusi za mpira wa maji ambazo sabuni haikuziondoa. Zamu yake ilikuwa kupeleka maji kwenye nyumba za Umm Salal, kule kaskazini kwenye mashamba, na katika mojawapo ya nyumba hizo alifanya kazi dada mmoja wa kwetu, kutoka upande wa Kitale. Tangi lilichukua muda kujaa. Yeye alisimama kwenye mlango wa jikoni akijifanya anaanika vitambaa, mjomba alisimama kando ya mpira akijifanya anautazama, wakazungumza. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki, karibu mwaka mzima, na hawakuwahi kukaribiana zaidi ya upana wa ua wa nyumba.

Yote haya tuliyajua kwa sababu mjomba alimweleza mama akila, na mimi nilikuwa chini ya meza nikijifanya nacheza na gari. Alimweleza pia kwamba dada yule alikuwa ameumizwa. Alipokuwa akifanya kazi nchi nyingine ya Waarabu, dereva mmoja alimwambia kwa simu kwamba hana mke, akamwamini, kisha akaiona picha ya mke na watoto kwenye simu yake.

"Ameniuliza mara ngapi," mjomba alisema. "Kila tangi likijaa. Una bibi? Sina. Una mtoto? Sina. Apa. Naapa."

"Na wewe huna," mama akasema.

"Dada, unanijua tangu nazaliwa. Ningemficha wapi?"

Mkataba wa dada yule ulikuwa unaisha. Tajiri wake alikuwa ameshamkatia tiketi ya kurudi nyumbani siku ya Jumatatu, na lori la mjomba halikuwa na zamu Umm Salal hadi Jumatano. Ijumaa ile ya mwisho, familia aliyoifanyia kazi ingekwenda kwenye jumba la maduka, naye angekuwa kwenye uwanja wa watoto akiwalinda wale wadogo kuanzia alasiri. Alimwambia mjomba kwa simu aende huko, amtazame machoni bila ua katikati, amwambie kama atakuja kwao kuzungumza na wazee au hatakuja. Simu haikumtosha. Simu ndiyo iliyomdanganya mara ya kwanza.

Kwa hiyo mjomba alinihitaji.

Alimhitaji pia jirani yetu wa mlango wa pili. Huyu alikuwa mama wa Kimalaysia mwenye asili ya Kichina, mume wake mpishi katika hoteli, na nyumbani kwao waliongea Kikantoni. Alishona. Cherehani yake ilisikika kutwa nzima kupitia ukuta, na kwenye korido harufu ya tangawizi na vitunguu saumu ya jikoni kwake ilichanganyika na mvuke wa pasi. Alifupisha mabuibui, akatengeneza sare za wauguzi, na nguo yoyote iliyopita mkononi mwake ilitoka kama mpya. Sisi watoto tulimwita Anti na yeye alitugawia biskuti za ufuta, kavu sana. Mama alipomweleza shida ya mjomba alicheka, akaenda kuleta koti la zamani la baba, akamsimamisha mjomba katikati ya sebule na pini mdomoni.

"Simama wima," alimwambia kwa Kiingereza chake cha vipande. "Wewe kama mti umepigwa na gari."

"Mwambie mimi ndiye napiga magari," mjomba akamwambia mama.

Koti lilipomkaa, Anti alirudi nyuma, akaridhika, akasema maneno machache kwa Kikantoni, sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayekagua ngazi. Mama akamuuliza maana. Akafikiri, kisha akatueleza kwamba kwao husemwa watu huisalimu nguo kwanza, na aliyeivaa baadaye. Alilisema kwa fahari ya mtu anayekula kutokana na ukweli wake. Mjomba akajitazama kwenye kioo cha kabati, akaficha mikono mifukoni, akasema, "Basi leo wataisalimu mpaka ichoke."

Nimeufikiria msemo ule miaka mingi, na kila nikiufikiria napandwa na hasira upya, kwa sababu una ukweli nusu. Aliyeutunga hakuwahi kusimama kwenye mlango wa Doha siku ya Ijumaa. Kule macho hayakuishia kwenye nguo. Yalishuka mpaka kwenye mkono wako, yakatazama umeshika nani, na hapo ndipo ulipopewa jina.

Tukapanda basi. Njiani mjomba alinipa maagizo, akizungumza polepole kama anayenipa funguo za lori.

"Viza, sikiliza. Mlangoni mimi ni nani?"

"Baba."

"Na ndani?"

"Baba, kwa sababu ndani pia masoja wanazunguka."

"Haya. Uwanja wa watoto ndio mbaya zaidi. Mwanaume akisimama pale bila mtoto wanamtoa. Usiniachilie mkono mpaka nikuambie."

Niulize leo kama yalikuwa maagizo mabaya. Hayakuwa. Yalikuwa maagizo ya mtu aliyekwisha kurudishwa kwenye milango mingi. Katika jengo letu zima, na kambini kwake kote, hapakuwa na mtu ambaye angemwagiza tofauti. Tulikuwa tumemhofia soja kwa muda mrefu hata hatukukumbuka kwamba kuna macho mengine duniani.

Mlangoni soja alikuwa Mkenya, mrefu, amechoka kusimama. Akamtazama mjomba, koti, viatu, mkono wangu.

"Baba, viatu vinanibana," nikasema.

"Karibuni," soja akasema, akamgusa mjomba begani. "Mlee vizuri huyo, mzee. Ana sauti."

Tukaingia kwenye ule ubaridi. Unaukumbuka ubaridi wa aina ile, unaokupokea kama maji? Ndani palinuka mahindi ya kukaanga na manukato ya udi. Mjomba aliufunga mkono wake mgumu juu ya wangu. Alininunulia aiskrimu ya njiani, kwa sababu alikuwa anachelewesha miguu. Tukapanda ngazi za umeme hadi juu kwenye uwanja wa watoto, penye mipira ya rangi na farasi wa plastiki na kelele ambazo huwezi kuzisikia mahali pengine.

Dada yule alikuwa ameketi kwenye benchi na gari la mtoto mchanga mbele yake, amevaa dera la kahawia na kitambaa kichwani, anatazama mlango. Nilimjua mara moja kwa jinsi alivyotazama. Mjomba naye alimwona. Alisimama wima kama Anti alivyomfundisha, akatabasamu, akaanza kutembea, na akasahau kuniachilia.

Yeye alianza kutabasamu pia. Nililiona tabasamu likianza, naapa kwako. Kisha macho yake yakashuka.

Soja wa ndani alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, anatutazama. Kazi ni kazi. Nikavuta koti na kusema kwa sauti ile ile niliyosifiwa, "Baba, aiskrimu inanidondokea."

Dada yule hakupiga kelele. Hakuuliza. Alinitazama mimi, akamtazama mjomba, mara moja tu, kama soja anavyotazama. Akainuka, akawaita wale watoto kwa Kiarabu, akageuza gari la mtoto mchanga na kwenda kwenye lifti ambapo madam wake alikuwa anatokea na mifuko. Nilimwona akiinua mkono kufuta uso, kisha akachukua mifuko kutoka kwa madam kama kawaida.

"Mfuate," nikamwambia mjomba.

Hakusogea. Wakati ule nilidhani ameogopa, na nilimkasirikia. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa alichokuwa anakiona. Mwanamume mweusi akikimbia kwenye jumba la maduka, akimkimbilia mfanyakazi wa nyumba mbele ya madam wake: kila jicho pale ndani lingempa jina kabla hajafika kwenye lifti, na jina hilo lingemwangukia dada yule kuliko yeye. Siku tatu kabla ya ndege. Angeweza kunyang'anywa simu, akafungiwa chumbani, akasemwa mambo. Kwa hiyo mjomba alisimama ndani ya koti la baba yangu, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake, na aiskrimu yangu ikadondoka juu ya kiatu chake. Mlango wa lifti ukafungwa.

"Ni mjomba wangu," nikasema, lakini aliyenisikia ni soja, naye akakunja uso na kutuelekeza njia ya kutokea.

Mjomba alipiga simu kutoka kwenye basi, akapiga kutoka kwetu. Mama aliporudi kutoka kazini akapiga yeye kwa namba yake, ili asikie sauti ya mwanamke. Simu ilikuwa imezimwa. Jumamosi ilikuwa imezimwa. Jumatatu jioni mjomba alikuja kwetu ingawa haikuwa siku yake, akaketi barazani kati ya nguo zilizoanikwa, akatazama ndege zikipanda moja baada ya nyingine juu ya mji, na hakuna aliyemwambia ingia ndani. Anti alimletea bakuli la uji wa wali na tangawizi. Hakusema chochote kuhusu nguo. Aliketi karibu naye mpaka akamaliza.

Jumatano alipeleka maji Umm Salal. Mlangoni pa jikoni palikuwa na dada mwingine, wa Kifilipino, hakumjua yeyote.

Jengo letu la Mansoura halipo tena. Nilikwenda kulitafuta safari hii, nikakuta uzio wa mabati na shimo. Duka la simu halipo, kinyozi hayupo, na vile viyoyozi vilivyotudondoshea maji nadhani viliuzwa kwa kilo. Anti na mume wake walirudi kwao zamani. Wale wanaume wa vitanda vya ghorofa ya kwanza wametawanyika, wengine wana wajukuu, na hakuna mtoto leo ambaye baba yake atamkubalia aazimwe na jengo zima kila Ijumaa. Namkumbuka mtoto yule niliyekuwa, na fahari yake ya kuwapitisha wanaume wazima mlangoni. Nilikuwa hodari. Sitaomba radhi kwa uhodari nilioagizwa.

Mjomba yuko Kakamega. Ana mashine ya kusaga, ana mke mwema ambaye simtajii habari hizi. Mara moja tu nilimuuliza, tukipukuchua mahindi sisi wawili. Nilimwambia kwamba bado nina hasira na yule dada, kwamba angeuliza swali moja tu, neno moja. Mjomba aliendelea kupukuchua.

"Ningekuwa yeye," akasema, "ningeondoka vilevile. Alichokiona kilikuwa hicho hicho."

Mimi sikubali. Nimesoma, nimejenga, naajiri watu, na nikiajiri mtu huwa namketisha na kumsikiliza kabla ya kumtazama viatu, kwa hiyo najua inawezekana. Lakini kinachonikosesha raha si kukubali wala kukataa. Mahali fulani upande wa Kitale, kama yu hai, kuna mama mwenye umri wa mama yangu ambaye huwasimulia binti zake wanaotaka kwenda Uarabuni habari za dereva wa maji aliyemwapia mwaka mzima kwamba hana mtoto. Lazima huwaambia jinsi alivyovaa koti. Huwaambia kwamba mtoto mwenyewe alimwona kwa macho yake, ana aiskrimu mkononi, anamwita baba. Mtoto huyo ni mimi. Nimekaa katika simulizi lake miaka yote hii nikiwa ushahidi, sijakua hata kidogo, na sijui jina la kijiji chake niende nikamwambie.